Miembe mitatu, aina sita: shajara ya shamba la Gede

12 Agosti

Nyuma ya nyumba tuna miembe mitatu ya kienyeji iliyokuwapo kabla ya nyumba yenyewe. Inazaa sana, hilo halikanushiki, lakini maembe yake ni ya ngumi ya mtoto, na nyuzi zake hukaa menoni mpaka jioni. Kila msimu nusu huoza chini. Mwaka huu tumekubaliana: haing'olewi. Tutaikata vichwa na kupandikiza aina bora juu ya mashina yaleyale. Mizizi imeshajua maji yaliko, ya nini kuanza na mche?

Ugomvi uko kwenye aina. Ami anasema Ngowe, na Ami akishasema amesema. Dalali anayekuja na lori kila Januari hununua Apple, mengine huyapita kama hayaoni. Mama hana haja na soko, anataka Dodo kwa achari yake. Mimi nikasema tupime. Ami akaniuliza, "Utamu utaupima kwa rula, mwanangu?"

Za kupima tunazo. Marehemu Babu alipanda Ngowe karibu na kisima, Boribo upande wa barabara, na Apple miwili mbele. Dodo ilijiotea karibu na jiko kutokana na kokwa lililotupwa. Mimi mwenyewe nilinunua miche ya Kent na Tommy Atkins iliyokwisha kupandikizwa, miaka saba iliyopita, na sasa inazaa vizuri. Sita hizo. Nimenunua daftari.

14 Agosti

Miti yote imechanua ila Kent, ambayo ndiyo kwanza inatoa mashada. Nimefunga vitambaa vya rangi kwenye mashada 10 ya kila mti na kuandika tarehe, ili nijue kila aina inachukua siku ngapi toka ua mpaka embe kupea.

27 Agosti

Ubwiri unga, ule ukungu mweupe. Asubuhi mashada ya Apple yalionekana kama mtu ameyapitishia chekeche la unga wa ngano, na ukigusa vijiua vinaporomoka mkononi. Ngowe nayo imeguswa. Boribo kidogo, Dodo hata haijui kuna ugonjwa. Nimepuliza salfa kabla jua halijawa kali, maana salfa na jua la saa sita huunguza maua yenyewe.

Hapa ndipo Apple linaponichekesha. Asili yake ni huku kwetu pwani, karibu na Malindi, lakini liliponogea ni Ukambani, Makueni na Machakos, kwenye hewa kavu. Sisi tuliolizaa tunahangaika nalo na unyevu huu wa bahari: likiponea ubwiri kwenye ua, linangojwa na chule kwenye tunda, yale madoa meusi yanayotiririka kutoka kwenye kikonyo mvua za vuli zikianza. Mtoto aliyehama akatajirika, akija nyumbani anaugua.

19 Septemba

Maembe ni ya ukubwa wa goroli na yanadondoka kama mvua. Mama ameshtuka. Nimemwambia ni kawaida, shada moja lina mamia ya maua na mti hauwezi kulea hata matunda matano hapo. Vitambaa vyangu vingine vimebaki vimefungwa kwenye vijiti vitupu.

16 Oktoba

Nimetundika mitego ya nzi wa matunda, chupa za maji zilizotobolewa zenye pamba iliyolowekwa dawa ya kuvutia madume. Baada ya siku tatu chupa ya kwenye Apple ilikuwa na nzi wa kujaza kiganja. Nzi huyu wa kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na ndiye aliyetufungia soko la Ulaya tangu 2014 mpaka 2021. Kwetu hatuuzi Ulaya, lakini funza ni funza. Watoto wamepewa kazi: kila embe lililoanguka linaokotwa siku hiyohiyo, linatiwa kwenye mfuko mweusi, linafungwa na kuanikwa juani. Malipo ni Sh20 kwa mfuko. Jana nimekuta mfuko mmoja una mawe chini.

8 Novemba

Kima wametoka msituni. Wanapima kuliko mimi: wanabonyeza, wanang'ata mara moja, wanatupa, wanahamia jingine. Ngowe 11 zimeng'atwa, Kent 1, Tommy Atkins hakuna.

22 Novemba

Nimefanya kosa, lakini nimelijua baadaye, kwa hivyo naliandika kama lilivyokuwa.

Binamu zangu walikuwa wanakuja kutoka Mombasa Jumamosi ya wiki ijayo, nikaona ndiyo nafasi ya kuonja kwa watu wengi. Nikaangua aina zote sita siku moja, 12 kila mti, kwa upembo wenye kijifuko cha wavu ili yasidondoke. Nikayapanga kwenye mapakacha sita, nikafunika kwa majani makavu ya migomba, nikayavundika stoo. Usawa, nilijiambia. Siku moja, mahali pamoja, muda mmoja.

29 Novemba

Aibu. Ngowe zimeiva vizuri, Boribo pia. Tommy Atkins zimekuwa nyekundu za kupendeza lakini ndani ni maji. Dodo zina uchachu. Kent zimekunjamana ngozi kama vidole vya mtu aliyefua mchana kutwa, na ukikata nyama ni nyeupe karibu na kokwa, ngumu, haina ladha ya kitu. Binamu mmoja aliuliza kama hiyo ni viazi vitamu. Ami alikula Ngowe tatu, akafuta mdomo, akasema kazi imekwisha, tukate miti.

30 Novemba

Haijaisha. Nimekaa na daftari na vitambaa vyangu. Ngowe niliziangua zikiwa na siku 108 tangu kuchanua. Kent zilikuwa na siku 88 tu. Nimelinganisha mtu mzima na mtoto, kisha nikamlaumu mtoto kwa kukosa busara. Siku moja haikuwa usawa hata kidogo.

Embe likianguliwa halijapea, kulivundika hakulikomazi. Litalainika, litageuka rangi, lakini wanga ambao ungegeuka sukari haukuwahi kuingia. Ndiyo maana dalali akileta maembe ya mwanzo wa msimu yaliyoivishwa kwa kemikali yanakuwa ya manjano nje na makavu ndani.

Leo nimejaribu ndoo. Embe lililopea huzama kwenye maji, changa huelea, kwa sababu likijaa wanga huwa zito kuliko maji ya ujazo wake. Niliangua matano matano tena. Ngowe: yote matano chini. Boribo: manne. Apple: matatu. Tommy: mawili. Dodo: moja. Kent: hakuna hata moja, yalielea yakizungukazunguka kama mashua zisizo na tanga. Watoto walifurahi, nami nikapata jibu ambalo siku 7 za kuvundika hazikunipa.

Kanuni mpya: kila aina inaanguliwa siku yake. Dalili ninazozitazama ni tatu. Mabega ya embe yamepanda juu ya kikonyo mpaka kikonyo kiko bondeni. Embe moja la kukata lina manjano karibu na kokwa. Na la mwisho ni ndoo.

6 Desemba: Ngowe

Nikae na hili kidogo, kwa sababu Ami ana haki ya kusikilizwa.

Ngowe ni refu, jembamba kuliko mengine, na nchani lina mdomo uliopinda. Mama anasema jina limetokana na huo mdomo, ngowe ni kijiti chenye ndoana cha kuangulia matunda. Niliyopima leo yalikuwa kati ya gramu 430 na 610. Ganda ni jembamba, laini, la kijani kilichopauka linalogeuka manjano ya yai la kuku wa kienyeji. Nyama ni ya rangi ya karoti mpaka ndani kabisa, na haina nyuzi. Kokwa ni bapa, unaweza kulishika kwa vidole viwili na kulinyonya bila kitu kubaki menoni. Kisu kinapita kama kwenye samli iliyoganda.

Aibu yake ni hilo ganda. Utomvu ukilimwagikia linapata mistari myeusi, na likisafiri linachubuka ukilitazama tu. Tangu juzi naacha kikonyo kirefu wakati wa kuangua, nakikata nikiwa nimelipindua, kisha nalilaza kichwa chini juu ya kimbao chenye matundu mpaka utomvu wote udondoke. Huchukua muda wa saa mbili. Madoa yamepungua sana.

Rifraktomita niliyoazima kwa rafiki anayekamua juisi (unadondoshea tone, unachungulia kwenye mwanga, unasoma sukari) imeonyesha 17 kwa mia. Na mti huu hupumzika: mwaka jana ulizaa ndoo mbili tu.

13 Desemba

Apple. Karibu mviringo, zito mkononi, gramu 500 hivi. Upande uliotazama jua una wekundu unaoingia kwenye manjano polepole, na hapo ndipo dalali anapozimia. Sukari 16. Lina maji mengi na halina nyuzi. Kati ya 30 niliyoangua, 9 yana chule. Upande wa mashariki wa mti, upepo wa bahari unapopita, ni 2 tu. Hilo nimelizungushia wino mwekundu.

Boribo: sukari 15, nyama nyekundu, harufu nzito. Basi.

17 Desemba

Niliweka Apple manne mabichi kwenye friji ili niyapunguzie kasi yasiive kabla ya Krismasi. Yametoka na ngozi ya kijivu yenye vishimo, na yamekataa kuiva kabisa. Embe ni mtu wa joto, chini ya nyuzijoto 12 au 13 linaumia kabla halijaiva. Friji ni ya embe lililoiva tayari. Nilijua hili, nililisoma, na bado nikafanya.

21 Desemba

Achari. Mama amenipa jembe la Dodo, mimi nikalima: kuangua mabichi 40, kuosha, kukata vipande na ganda lake, kuanika juani na chumvi. Hapa mashindano hayapo. Dodo bichi ni gumu, chachu, na halilegei ndani ya siki. Ngowe bichi nililolijaribu limekuwa uji siku ya tatu. Kent bichi halina uchachu wa kutosha, achari yake inaonja pilipili tu.

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa sahani ya wali na mchuzi, na pembeni vitu vya kuchachua hamu, embe likiwamo. Akaeleza kwamba ni kama tofaa lakini lina kokwa, likiiva ni tamu mno, likiwa bichi ni chachu kama ndimu na hutiwa kwenye siki. Nilimsomea Mama. Akasema, "Basi huyo alikula Dodo."

Tatizo ni kwamba Dodo letu si Dodo la jirani. Watu wameyapanda kwa kokwa miaka mingi, kila mtu ana lake, kubwa au dogo, lenye nyuzi au lisilo. Ukitaka Dodo la Mama lazima ukate kijiti kutoka mti huu wa jikoni, si mwingine.

24 Desemba

Kent zimezama! Siku 120. Tommy Atkins na Dodo za kuiva ziko stoo tayari, pakacha moja moja.

31 Desemba: kuonja upya

Safari hii kila aina imefika na siku yake. Vipande bila ganda, sahani zenye namba, maji ya kusukutua, watu tisa, macho yamefungwa kwa leso. Kila mtu anatoa alama kati ya 1 na 10. Mama ndiye aliyepanga sahani, hata mimi sikujua ipi ni ipi.

Ami alitambua tano. Ngowe hakuionja hata, aliinusa, akaisogeza mbele yake na kuendelea kuila wakati wengine wanabishana. Kwa Tommy Atkins alisema, "Haya ni maji yaliyooshewa embe." Mimi, baada ya miezi minne ya daftari, nilichanganya Apple na Boribo.

Jumla: Kent 74, Ngowe 73, Apple 66, Boribo 58, Dodo 49, Tommy 37.

Lakini kulikuwa na sahani ya saba. Mama alikuwa amekamua embe la kienyeji, akalipitisha kwenye chujio la nazi, akatupa kila mtu kijiko. Alama 71. Watoto wote wanne waliipa 10. Nikakimbilia rifraktomita: 19. Ile miti mitatu tunayotaka kuikata ndiyo yenye sukari nyingi kuliko yote shambani, kilichokuwa kinatuzuia tusiijue ni nyuzi.

Hapo Ami alinyamaza, na si kawaida yake.

11 Januari

Dalali amekuja. Nilimpangia meza bila kumwambia lolote. Alichukua Apple, akaligeuza upande mwekundu, akasema Sh12. Tommy Atkins Sh12, bila kulinusa. Ngowe Sh8, "ikifika soko la Kongowea itakuwa imechubuka." Kent alilirudisha mezani: "Dada, hili bado bichi." Nilikata moja mbele yake, likamtiririkia mkononi, akala lote mpaka kokwa. Bei? "Sh6. Mteja hali mbele yangu, mteja anatazama."

Kent huiva likiwa na ukijani, wekundu wake ni wa bega tu. Tommy Atkins ni kinyume chake kabisa. Kule Florida lilikotoka, miaka ya 1950, wakulima wa maembe walilikataa kwa sababu ya nyuzi na ladha. Likapandwa hata hivyo, kwa rangi yake na ganda linalovumilia safari, likaishia kuwa embe la duka karibu kila mahali nje ya nchi za maembe. Nilidhani hiyo ni hadithi ya Wamarekani mpaka nilipomwona dalali huyu akiligeuza geuza.

Simlaumu. Lori lake halina macho ya kufungwa leso.

2 Februari

Muda wa kukaa baada ya kuiva, juu ya meza ya stoo: Ngowe siku 3, Boribo 4, Apple 5, Kent 6, Tommy 9. Moja la Tommy nimelisahau nyuma ya gunia, leo ni siku ya 13, bado linang'aa. Linaogopesha kidogo.

Fukusi wa kokwa: nimepasua makokwa 10 ya kila aina. Nje huoni kitu, ndani kokwa limekuwa unga na mdudu amekaa kama mwenye nyumba. Amewatembelea wote, Apple kidogo zaidi. Sioni cha kuchagulia aina hapa, ni suala la kusafisha shamba.

15 Februari

Kikao barazani. Nilikuja na jedwali, Ami akaja na bakora, Mama akaja na uji.

Nilitaka mshindi mmoja, na daftari limekataa kunipa. Tumeamua hivi: mwembe wa kienyeji wa kisimani, ulio karibu na nyumba, utakuwa Ngowe. Maembe yake hayaendi mbali, yataliwa hapa, na yakichubuka yatachubukia sahani. Mwembe wa mashariki, unaopigwa na upepo wa bahari, utakuwa Apple matawi manne na Kent matawi mawili. Apple ni ya dalali, na pale chule itakuwa chache. Kent ni ya kwangu, sina sababu nyingine. Dodo la jikoni linaachwa lilivyo. Tommy Atkins hakuna aliyelitetea.

Mwembe wa tatu haukatwi. Watoto waliomba, na zile nambari 71 na 19 ziliwasaidia. Tutaukata matawi ya juu tu ili tufikie matunda, na Mama ameshaagiza chujio kubwa. Pia makokwa yake tutayahitaji kwa miche ya chini, ile ya kupandikizia aina nyingine juu yake: ukipanda moja huchipua vichipukizi viwili, vitatu, vingi vikiwa nakala za mama yao, vyenye nguvu sawasawa. La Kent hutoa kimoja tu, na huyo humjui atazaa nini. Ndiyo maana aina hizi za bei hupandikizwa.

9 Machi

Tumekata. Fundi wa msumeno alianza chini ya tawi kwanza, kisha juu, ili gome lisichanike. Mashina yamebaki ya urefu wa kifua changu, na kila mti tumeuachia tawi moja la kuunyonyesha mpaka machipukizi yatoke. Chokaa imepakwa kote, jua la Machi lisiunguze gome ambalo halijawahi kuliona. Uwanja umekuwa mweupe mno, Mama anasema hajazoea kuiona barabara kutoka jikoni.

Mvua za masika zikija machipukizi yatatoka mengi. Yakifika unene wa penseli tutabakiza sita kila shina na kupandikiza. Vijiti vya Ngowe, Apple na Kent nimevichagua tayari na kuvifunga vile vitambaa vya Agosti. Siku 10 kabla ya kuvikata nitavipukutisha majani ili macho yavimbe.

10 Machi

Asubuhi kima mmoja alikuwa amekaa juu ya shina la kisimani, makalio yamejaa chokaa, anatazama juu mahali matawi yalipokuwa.